Msimu Ujao na Ng'ombe wa Mzee Masunga

Wanangu wa timu, Mwalimu Deo ameniomba niwaandikie maneno machache kuhusu matumaini ya timu yetu ya besiboli kwa msimu unaokuja, ayasome mbele yenu kabla ya mazoezi. Alisema "machache" huku akijua anayemwomba ni nani, kwa hiyo kama jua limewachoma na bado anasoma, mlaumuni yeye. Kaeni chini. Kaeni kwenye nyasi, si juu ya mifuko ya glovu.

Nimefundisha michezo shuleni kwenu hapa Nsemulwa mpaka serikali ilipoona inatosha, ikaniambia nikapumzike. Nimejaribu. Nililima bustani ya mchicha, mbuzi wa jirani wakaivuna. Nikaanza kufuma vitambaa vya makochi, nikakumbuka nina makochi mawili tu. Ikifika saa kumi jioni miguu inajiondokea yenyewe kuja uwanjani, na Mwalimu Deo, ambaye nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu, ananiletea kiti na kuniita mshauri wa timu. Mshauri ni mtu anayeruhusiwa kukaa lakini haruhusiwi kupuliza filimbi.

Haya, msimu ujao. Nianze na jambo baya ili lisiwanyime usingizi baadaye: wiki chache zilizopita timu hii haikuwa na msimu wowote wa kuuzungumzia. Wengi wenu mlijua nusu ya habari. Nusu nyingine nawapa leo, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba nilimroga Mzee Masunga. Mimi ni Mfipa, najua tunavyosemwa. Radi sikuitumia.

Kwa wale wapya ambao bado wanadhani hii ni netiboli iliyopotea njia, besiboli inasimama juu ya watu wawili. Mrushaji anasimama katikati na kumtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya huyo mpigaji na kuudaka. Hao wawili wakielewana, wengine saba mnaweza kukosea kidogo na tukaendelea kuishi. Wasipoelewana, hata muwe hodari vipi, mtashinda mnafukuzia mpira kwenye mihogo ya watu.

Sisi tuna Kulwa, mrushaji, na pacha wake Doto, mdakaji, watoto wa Mzee Masunga wa Kakese. Wanakuja shule kwa baiskeli moja, mmoja anaendesha na mwingine anabeba madaftari ya wote. Nimekaa na kazi hii muda mrefu na sijaona wawili kama hao. Kulwa harushi mpira mahali, anaurusha kwa Doto, na Doto anakuwa ameshafika. Hawaonyeshani vidole wala hawakonyezani. Niliwahi kumwuliza Doto anajuaje mpira utakuja wapi, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Madam, si unakuja tu."

Basi ndipo Mwalimu Deo alipokuja nyumbani kwangu, uso umemshuka, akanieleza kwamba Mzee Masunga anahama na ng'ombe. Malisho ya Kakese yamekwisha, kila palipo na bonde pamelimwa mpunga, na ng'ombe akionja mpunga wa mtu ni kesi. Anashuka upande wa bonde la Rukwa, na kusipofaa ataendelea mbele. Kaka yao mkubwa, Masanja, anaendesha bodaboda mjini na hataki kusikia habari za ng'ombe. Kwa hiyo mzee amesema anaondoka na mmoja wa mapacha, na mwingine atamwacha asome. Kuondoka kwenyewe ni kabla ya mashindano ya kanda kule Tabora.

Deo alitaka niende nikamwombe. Aliniambia, "Madam, wewe anakuheshimu. Mwombe atuachie hata mmoja, ila awe Kulwa. Mdakaji tutatafuta."

Nilimwambia nitafikiri. Na mimi nikitaka kufikiri nakumbuka mambo ya zamani, kwa hiyo vumilieni, ng'ombe hawajaondoka bado.

Besiboli iliingia Mpanda kwa treni, ndani ya gunia. Mfadhili ambaye hatukuwahi kumwona alituma vifaa, na mkuu wa shule wa wakati ule akanikabidhi mimi kwa hoja kwamba nafundisha netiboli na netiboli nayo ina mpira. Tulifungua lile gunia mbele ya walimu wote. Ndani yake mlikuwa na glovu kubwa za ngozi, na zote zilikuwa za mkono wa kushoto. Tukaangaliana. Mwalimu wa hesabu akasema ni wazi kwamba za kulia zimeshukia njiani. Mkuu wa shule, muungwana sana, akapiga simu kushukuru kwa mikono ya kushoto na kuulizia kwa heshima mikono ya kulia. Jibu lilikawia, na sisi si watu wa kukaa bure, tukampa fundi viatu ngozi ya mbuzi atushonee za kulia. Alikuwa amemaliza moja tulipoambiwa kwamba mkono wa kushoto unadaka na wa kulia unarusha, kwa hiyo wa kulia hauvai kitu. Ile glovu ya mbuzi bado ipo stoo. Msiivae, mvua ikinyesha inanuka.

Kisha tukaja kwenye maneno. Nyie mmekuta kila kitu kina jina, hamjui tulivyohangaika. Ile fimbo nene ya kupigia mpira mimi niliiita gongo, kwa sababu ni gongo. Tulipata mbili tu kwenye gunia, nikataka watoto wachonge nyingine nyumbani. Nikampa katekista tangazo la Jumapili, naye akalisoma kwa sauti yake nzuri: wanafunzi wote wa timu ya Mwalimu Skola wafike shuleni Jumamosi asubuhi, kila mmoja na gongo lake. Kanisa zima liligeuka kunitazama, kama nimegeuza shule kuwa kilabu cha pombe. Baada ya misa akina mama walipita mbele yangu bila kunisalimia, na mzee mmoja aliyekuwa anafahamika kwa kupenda kinywaji alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama wazazi nao wanakaribishwa.

Nikabadilisha, nikaiita fimbo. Jumatatu nilipoinua fimbo na kumwita mtoto wa kwanza aje ajaribu, alikuja akanyoosha mkono, akafumba macho. Nikabadilisha tena, nikasema tuite bati kama wenyewe wanavyoita kwao. Kesho yake mzazi mmoja kutoka Ugalla alifika na bati la kuezekea limefungwa nyuma ya baiskeli, amechoka, anauliza aliweke wapi. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Lile bati tuliliezekea choo cha walimu, na mpaka leo hakivuji. Mwishoni nilienda kwa fundi anayechonga mipini ya majembe, nikamwambia nataka mpini usio na jembe. Hakuuliza kitu. Ndiyo maana hapa kwetu tunasema mpini, na mkienda Tabora mkasikia wenzenu wanasema vingine, msiwacheke, wao hawakupitia tuliyopitia.

Lakini kosa lililotutambulisha kanda nzima lilitokana na rede. Nani kati yenu hajacheza rede? Wawili wanasimama huku na huku, wa katikati anakwepa, mpira wa soksi ukimgusa ametoka. Hicho ndicho watoto wetu wanachojua tangu wanaanza kutembea. Sasa wewe mwambie mtoto wa namna hiyo, huyu mkimbiaji anatoka kituo cha kwanza kwenda cha pili, mtoe. Atamtoaje? Atamlenga mbavu. Na kwenye besiboli mpira si wa soksi.

Mechi yetu ya kwanza na wageni ilisimamishwa mapema sana. Mkimbiaji wao wa kwanza alipigwa mgongoni, wa pili alipigwa pajani, wa tatu aligoma kukimbia. Kocha wao alikuja kwangu, kijana mstaarabu, akaniuliza kama sisi tuna ugomvi na shule yake. Watoto wangu walikuwa wanarukaruka kwa furaha wakijua wanashinda. Ilinichukua muda mrefu kuwafundisha wimbo ule mnaoimba mkipasha misuli, kwamba mpira ni wa kituo, si wa mbavu. Nyie mnaimba kama utani. Ulitungwa baada ya mtoto wa watu kukaa wiki hawezi kulala chali.

Hata hivyo rede haikutuharibia tu. Angalieni Rehema anavyokimbia kati ya vituo. Mtu ana mpira mkononi anataka kumgusa nao, yeye anajikunja kiunoni na hapatikani. Hilo sikumfundisha mimi wala Mwalimu Deo wala zile video anazowaonyesha kwenye simu. Alifundishwa na dada zake nyuma ya nyumba.

Aliyenifundisha mimi kazi ni marehemu Mwalimu Kapele, mwalimu wa michezo kabla yangu. Alikuwa mtu wa mpira wa miguu na besiboli aliiita "ule mchezo wa kusubiri." Lakini alijua watoto. Aliniambia nisimtazame mchezaji mikono, nimtazame miguu, kwa sababu mikono inajifanya na miguu haijui kujifanya. Aliniambia nichore uwanja kwa jivu, chokaa inawasha macho. Aliniambia mtoto aliyefika mazoezini hajala, mpe uji kwanza ndipo umgombeze. Na aliniambia mwamuzi akikosea ninywe maji. Nimekunywa maji mengi sana Tabora.

Halafu wakaja hao mapacha, wako kidato cha kwanza, wamevaa kandambili. Siku yao ya kwanza mkimbiaji alinaswa kati ya kituo cha pili na cha tatu. Wenzao wakafanya tulichokuwa tunafanya siku zote, yaani kumkimbiza kwa makelele, mpira unaruka huku na huku mpaka mmoja anaudondosha na mkimbiaji anapita. Doto alikuwa pembeni. Akamwuliza Kulwa kitu kwa Kisukuma, wakacheka. Nikawaambia kama wanajua, waingie.

Waliingia, na hawakukimbia. Kulwa alishika mpira akatembea kuelekea kwa mkimbiaji, taratibu, mkono umeinuliwa. Doto alisimama mbele kwenye kituo, mikono imefunguka, hasemi kitu. Mkimbiaji akarudi nyuma hatua, akasita, akageuka, Kulwa akaongeza mwendo kidogo tu upande mmoja. Yule mtoto alijirudisha mwenyewe kule alikotoka mpaka akaguswa begani. Niliwauliza hiyo inaitwaje. Kulwa alisema, "Si kuswaga tu, Madam. Ndama ukimkimbiza anaingia kwenye mpunga." Toka siku hiyo kwenye timu yetu tunaswaga. Makocha wengine wanatuuliza tumejifunza wapi, na Mwalimu Deo anajibu kwamba ni mbinu za ndani.

Mnaona sasa nilikuwa nafikiri nini nilipopanda bodaboda kwenda Kakese. Dereva alikuwa huyohuyo Masanja, kaka yao. Njia nzima alinieleza kwa nini yeye hawezi kufuata ng'ombe, na kila sababu ilikuwa nzuri. Alinishusha mbali kidogo na boma la baba yake, akasema atanisubiri hapo hapo kivulini.

Nilimkuta Mzee Masunga anakagua kwato za dume. Nikamsalimia Kisukuma, "Mwadila," na akaitikia huku anacheka, kwa sababu Kisukuma changu kinatembea kwa magongo. Akaniuliza kama nimekuja kwa miguu au kwa ungo. Nikamjibu ungo uko gereji. Mama Kulwa akaniletea kigoda, maziwa ya mgando na michembe ya viazi vitamu, na tukaanza kuzungumza habari za mvua, kama inavyotakiwa.

Tulipomaliza mvua nilimwuliza ni yupi anaondoka naye. Alisema Kulwa. Nikauliza kwa nini yeye.

"Yule mkono wake una akili," alisema. "Ng'ombe akijitenga kule mbali, wenzake wanamfuata mbio mpaka wanachoka. Kulwa anasimama. Anaokota bonge la udongo, analitupa mbele ya pua ya ng'ombe. Ng'ombe anageuka. Sasa huko tunakokwenda hatujui njia, nitamwachaje mtu kama huyo?"

Mkono ule tuliokuwa tunaringia ulifanyiwa mazoezi na ng'ombe wake miaka yote kabla sisi hatujauona, na sasa mwenye ng'ombe alikuwa anauhitaji. Sikuweza kusema hana haki nao.

Akaniuliza huo mchezo wenyewe unachezwaje, maana watoto wakimweleza wanaongea wote wawili kwa pamoja. Nikachora kwenye vumbi kwa kijiti. Nikamwonyesha mpigaji anaanzia hapa, akiupiga mpira anakimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu anarudi palepale alipoanzia. Hapo tunapaita nyumbani. Akifika nyumbani salama, timu inapata pointi.

"Basi?"

"Basi."

Alitazama ule mchoro kwa muda. Akasema ng'ombe wake wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayepiga makofi.

Nilicheka mpaka michembe ikanipalia. Yeye hakucheka. Alikuwa bado anatazama chini, na alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine.

"Mimi nilitoka kwetu namfuata baba yangu, sijaota ndevu. Tukakaa Tabora. Tukahama. Nikaja huku Katavi, nikaoa, watoto wakazaliwa hapahapa Kakese. Sasa naenda tena mbele. Kule nilikoanzia sijarudi, na aliyekuwepo wa kunipokea hayupo." Akafuta ule mchoro kwa kandambili, bila hasira. "Kwenye mchezo wako, Mwalimu, mimi sina hata pointi moja."

Niliumia, wanangu. Nimefundisha mchezo huu miaka yote hiyo, nimelitamka hilo neno nyumbani kutwa mara ngapi, na sikuwahi kufikiri kuna mtu litamchoma.

Hapo ndipo nilipopaswa kumwomba Kulwa, kama nilivyotumwa. Nilifungua mdomo na maneno yaliyotoka yakawa mengine. Nilimwambia, "Mzee Masunga, kama ni lazima uchukue mmoja, chukua wote wawili."

Mama Kulwa, aliyekuwa anapepeta karanga, alisimamisha ungo. Mzee akaniuliza kama nimesikia vizuri nilichosema. Nikamwambia nimesikia. Nikamweleza kwamba mwaka juzi Doto alilazwa na malaria, na zile siku zote Kulwa hakuweza kurusha mpira hata mmoja ukaenda unapotakiwa, na darasani alikuwa anaandika jina la Doto juu ya daftari lake mwenyewe. Nikamwambia msimu mmoja tukiukosa hatutakufa, watoto wengine watajifunza. Ila hao wawili wakigawanywa, huku atabaki nusu na kule atakwenda nusu, na nusu hasomi na wala haswagi. Nilimwambia sikuja kwake kutafuta mrushaji.

Hilo la mwisho halikuwa kweli nilipopanda bodaboda. Lilikuwa kweli nilipolisema.

Alisema jua linashuka, njia ni mbaya, nisije nikachelewa. Mama Kulwa alinifungia michembe kwenye mfuko. Nilirudi kwa Masanja, naye aliendesha polepole kuliko tulivyokuja.

Mwalimu Deo alipopata habari kwamba nilitumwa kuomba mmoja nikatoa wote, alikaa juu ya mpira. Mpira wa besiboli ni mdogo na mgumu, akainuka. Alitembea mpaka kwenye goli la mpira wa miguu akarudi. Nilikuwa najua anachotaka kuniambia, na mimi ndiye niliyemfundisha asikiseme kwa mkubwa. Aliishia kuniuliza kama nataka maji.

Siku zilizofuata mapacha walikuja mazoezini kama kawaida, hawasemi kitu, na sisi hatuulizi. Kulwa alirusha vizuri mno, vizuri kuliko alivyowahi kurusha, na hilo lilinitia hofu zaidi. Nilimtazama miguu. Kila mpira alikuwa anaurusha kama wa mwisho. Nilitamani nimwambie apunguze, nikaishia kumwokotea mipira.

Kisha asubuhi moja nasikia hodi. Nafungua, Mzee Masunga amesimama mlangoni, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Nyuma yake Kulwa na Doto, na ile baiskeli yao imebebeshwa godoro, kirago, masufuria na kuku aliyefungwa miguu. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema mama yao ametangulia, ng'ombe wapo barabarani na Masanja.

Nikauliza, Masanja yupi?

"Huyo huyo. Amesema pikipiki itamsubiri." Alikohoa. "Alikusikia, au mama yake alimweleza, mimi sijui. Jana amekuja mwenyewe akaniomba viatu vyangu vya mvua. Basi hawa wawili nimewaleta. Wasome, wacheze huo mchezo wao wa kuzunguka. Ila wakishazunguka warudi hapa kwako. Sitaki kusikia wamelala kwa watu."

Nilimwambia mzee, mimi nimestaafu, nina vyumba viwili na makochi mawili. Akachungulia ndani, akasema makochi mazuri, yana vitambaa.

Aliwaambia watoto maneno machache kwa Kisukuma ambayo sikuyaelewa, na sikuwahi kuwauliza. Hakuwashika mikono. Aliondoka bila kugeuka, na Kulwa alibaki amesimama pale barabarani mpaka vumbi la ng'ombe lilipotulia. Doto alimfungua kuku.

Sasa ndiyo naweza kuwaambia kuhusu msimu ujao.

Kulwa hayuko sawa. Kwa juma zima mipira yake imekwenda kila mahali isipokuwa kwa Doto, na Doto ameifuata kwenye mihogo yote bila kulalamika. Mwalimu Deo alitaka kumpumzisha, nikamwomba amwache arushe. Juzi aliupeleka wa kwanza kwenye glovu, ule mlio mnaoujua. Jana alipeleka mingi. Msimwulize habari za nyumbani mkiwa mnapasha misuli. Akitaka atasema.

Rehema atatufikisha vituo vingi, mradi aache kuwachungulia wapinzani na kuwacheka baada ya kuwakwepa. Bonifasi, mtoto wa mrina asali wa Ugalla, ndiye mtu wetu wa nyuma kabisa, na mpira wa juu haumpiti kwa sababu amekua anatazama mizinga kwenye miti. Tatizo lake ni mpira wa chini. Bonifasi, baba, kuna vitu duniani vinapita ardhini pia. Mpini mpya umekuja kwa fundi na ni mzito kuliko wa zamani, kwa hiyo wadogo shikeni chini kidogo, msione aibu. Na kwa yeyote atakayemlenga mtu mbavu kule Tabora, atarudi Mpanda kwa kutembea.

Mechi ya kwanza tutafungwa, nadhani. Huwa tunafungwa ya kwanza, tunakuwa bado tunashangaa treni. Ya pili naona tunashinda, na baada ya hapo sitasema, nisije nikaonekana Mfipa. Lakini tuna timu, kila nafasi ina mtu wake. Kwa muda fulani nilikuwa najiandaa kuwaandikia barua nyingine kabisa.

Jana jioni tulikuwa tunakula, mimi na hao wawili, ugali, mlenda na nyama kidogo. Simu yangu ikaita, namba siijui. Alikuwa Mzee Masunga, ameazima simu ya mtu huko alipofika, upepo unavuma kwenye sikio. Hakuulizia shule. Hakuulizia kama wanakula au wanaumwa, wala hakuomba kuongea nao.

"Mwalimu," alisema, "leo wamezunguka?"

Nikamwambia wamezunguka.

"Wamerudi?"

Nikawatazama. Doto alikuwa anachukua nyama ya Kulwa, Kulwa anajifanya hamwoni.

"Wamerudi, mzee," nikamwambia. "Wapo hapa."

Akasema haya, akakata simu.